Droo za Mafuta

Katika maabara ile ya kuchunguza vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, kila mtu alikuwa na jina la cheti na jina la kazini, na la kazini ndilo lililotumika. Yeye aliitwa Kabati. Si kwa sababu ya mwili, maana alikuwa mwembamba kama ufito. Ni kwa sababu ya makabati ya chuma yaliyopangwa ukuta mzima wa chumba cha nyuma, ambamo vilitunzwa vioo vyembamba vilivyobandikwa vipande vya vinyama, vya miaka thelathini. Yeye ndiye aliyeshika funguo. Asubuhi alipokea makopo ya vinyama mlangoni, akayaandika kwenye kitabu, akayapeleka yakakatwe, na vioo vikishasomwa na Daktari alivirudisha kwenye bahasha zake na kuzipanga. Shule aliiacha darasa la saba, na jicho lake hakuwahi kuliweka kwenye hadubini zaidi ya mara mbili tatu, kwa kuchungulia tu. Lakini ukimwuliza kioo fulani cha mwaka fulani kiko wapi, alikwenda moja kwa moja, kama mtu anayeingia kwake taa zimezimwa na mkono unajua swichi ilipo.

Kabati la tatu kutoka mlangoni lilikuwa la mafuta. Watu wengi hudhani uvimbe wa mafuta ni uvimbe wa mafuta, basi. Kabati alijua kuwa una droo saba. Ya juu kabisa, iliyojaa mpaka kuifunga ilibidi usukume kwa goti, ilikuwa ya lipoma za kawaida: mafuta matupu ndani ya ngozi nyembamba, kitu ambacho mtu hutembea nacho begani miaka ishirini mpaka mkewe achoke kukitazama. Chini yake zilikaa zenye nyuzi, halafu zenye mishipa ya damu, ambazo huuma ukizibonyeza na hupenda mikono ya vijana. Droo ya nne ilikuwa na bahasha kumi na moja tu, za mafuta ya rangi ya kahawia, ya aina ile waliyo nayo wanyama wa nchi za baridi wanaolala msimu mzima. Ya tano ilikuwa ya watoto wachanga. Ya sita ilikuwa ya seli nyembamba na seli za sura mbaya, nayo haikufunguliwa mara nyingi. Zote hizo hazikuwa na ubaya: ukikatwa, umekatwa, unakwenda zako.

Droo ya saba ilipigwa mstari mwekundu. Humo walilala wale wanaofanana na mafuta ya kawaida lakini hawana tabia njema, wanaokatwa wakarudi, na wengine wakirudi huwa wamegeuka. Daktari alikuwa akisema kwamba kati ya droo ya kwanza na ya saba, wakati mwingine tofauti ni seli tatu kwenye kioo kizima.

Na mafuta yenyewe huyaoni. Dawa za kutayarishia kioo huyayeyusha yote, zikabaki kuta. Mara ya kwanza Kabati alipochungulia aliona vyumba vyeupe, vyumba na vyumba, kimoja kimegusa kingine, na ndani hakuna kitu. Akafikiri kioo kimeharibika.

"Ndivyo yalivyo," Daktari alimwambia. "Mwenye nyumba ameshatoka."

Uvimbe wake yeye aliambiwa na kinyozi. Ulikuwa nyuma ya shingo, pale kola inapokaa, na kitu cha nyuma ya shingo ni cha kutazamwa na wengine. Mwenyewe huna habari nacho. Mkewe angeuona siku ya kwanza. Mkewe alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita.

"Mzee, hapa una yai," kinyozi alisema.

"La kuku au la bata?"

"La kuku. Lakini mwaka jana lilikuwa la njiwa."

Aliubeba mwaka mwingine mzima. Kila asubuhi aliugusa kwa vidole viwili, kisha akafunga kifungo cha juu. Hatimaye, Ijumaa moja, aliomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kwenye zahanati ya mbali ambako hakujulikana, akalala kifudifudi. Akakatwa. Walimkabidhi kopo lenye kinyama chake ndani ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, na fomu ya kupeleka maabara, wakamwambia apeleke mwenyewe. Akarudi nalo kwenye mfuko wa plastiki, akaliweka kopo juu ya meza ya chakula na kukaa mbele yake.

Kilikuwa kimezama.

Kule kazini walikuwa na msemo wao: kinachoelea hakiui. Mafuta ni mafuta hata ndani ya fomalini, hupanda juu yakaelea kama kizibo. Kabati alikuwa ameinua makopo ya mafuta maelfu, na kabla hajasoma fomu alikuwa ameshajua ni ya droo ya kwanza. Hili lake alilitikisa kidogo. Kinyama kilipanda nusu, kikajifikiria, kikashuka tena chini.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa nje asingeweza kulifanya hata angetaka. Kwenye begi lake alikuwa na kitabu cha fomu tupu za maabara. Alichana ile ya zahanati, akaandika nyingine.

Asiulizwe kwa nini, maana sababu alikuwa nazo. Miaka michache nyuma, kopo la dada wa mapokezi liliingia pale, kinyama cha titi. Kuanzia siku hiyo wote waliongea naye kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefiwa. Majibu yakatoka masafi, lakini ile sauti haikupanda tena, mpaka dada wa watu akaomba uhamisho. Kabati hakuitaka sauti ile. Kejeli za kazini ndizo zilizokuwa maongezi yake ya siku nzima. Akizikosa hizo, nyumbani hakuna nyingine.

Basi asiandike jina lake. Na shingo nayo asiandike, kwa sababu Jumatatu angefika kazini na bandeji shingoni, na hata mjinga angejumlisha. Akaandika: paja la kulia, ndani. Mwanamume akamfanya mwanamke. Jina sasa. Kutunga hakujua, hakuwahi kuwa na kipaji hicho, na fomu inadai tarehe ya kuzaliwa. Mkono ukaandika tarehe pekee ya mtu aliye hai iliyokuwa kichwani mwake: ya binti yake, miaka ishirini na tisa. Na tarehe ikashuka na jina lake. Binti alikuwa akitumia jina la babu yake mzaa mama, kwa hiyo hakuna ambaye angeliunganisha na Kabati. Pa namba ya simu akaandika ya marehemu mkewe, ambayo alikuwa akiichaji kila Jumapili bila kujua kwa ajili ya nini.

Jumatatu akaitia simu hiyo mfukoni, akajipokelea mwenyewe kopo, akaliandika kitabuni kwa mwandiko wake mzuri, akalipeleka ndani.

Fundi wa kukata vinyama aliitwa Wembe, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Alimtazama Kabati kutoka juu mpaka kwenye bandeji.

"Mzee, umenyongwa ukaponea?"

"Jipu."

"Jipu la shingo ni la watu wenye kiburi. Bibi yangu alisema."

"Bibi yako alikuwa na majipu mangapi?"

"Hakuwa na shingo." Wembe akalichukua kopo, akaliinua kwenye mwanga. Uso ukaacha kucheka. "Huyu dada ana nini? Amezama."

"Kata tu," alisema Kabati.

Siku ya nne Daktari alitoka chumbani mwake. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na watu walikuwa wamejifunza kusoma hatua zake. Akitembea haraka, kioo ni cha kawaida na chai inapoa. Siku hiyo alitembea polepole.

"Kabati, niletee droo ya saba. Nataka kulinganisha."

"Yote, mama?"

"Yote."

Aliitoa kwenye reli zake, akaibeba kwa mikono miwili kupita kwenye ukumbi, akaiweka mezani pake. Chini ya hadubini kilikaa kioo ambacho namba yake aliiandika mwenyewe. Daktari hakumtazama. Alivuta bahasha moja, akaweka kioo, akatazama, akarudisha, akavuta nyingine. Kabati alisimama mpaka akaambiwa anaweza kwenda.

Mchana Karani aliletewa karatasi aichape. Karani alikuwa msichana wa rika la binti yake, aliyekuwa akisoma kila kitu kwa sauti hata akikatazwa. "Uvimbe wa mafuta wenye seli za mashaka, paja la kulia, ndani," alisoma. "Mgonjwa aitwe haraka. Apigwe picha ya paja. Upasuaji mpana unapendekezwa." Akaweka karatasi chini. "Ishirini na tisa. Jamani, umri wangu kabisa."

Akachukua simu ya mezani, akapiga.

Kwenye mfuko wa suruali ya Kabati, simu ndogo ya mkewe ikatetemeka juu ya paja lake. Ilikuwa haijapigwa na mtu tangu mazishi. Akasimama na trei ya vioo mkononi, akisikiliza mtetemo unakwenda, unakoma, unaanza tena.

"Hapokei," alisema Karani. "Labda yuko kazini. Nitajaribu tena."

Alijaribu jioni, na kesho yake mara tatu, na kesho kutwa. Kila mara Kabati alijua kabla ya mwenye kupiga kukata tamaa. Maabara nzima ikaingiwa na huzuni ya mtu huyo. Wembe aliacha utani kwenye meza ya kukatia. Karani alisema usiku amemwota, amevaa gauni la bluu, anachechemea. Mfagizi akauliza kama ana watoto. Kabati alikunywa chai yake katikati yao na kuwasikia wakimhurumia mwanamke asiyekuwapo, wakamtafutia mume, wakamtafutia mama wa kumwuguza, na moyoni, aibu iliyoje, akamwonea wivu.

"Wewe mzee huna hata neno la pole?" Wembe alimwuliza. "Moyo wako nao umeufungia kabatini?"

"Mimi napanga bahasha," alisema Kabati.

Alikuwa na hofu, tena ya kweli. Alijua droo ya saba maana yake nini. Upasuaji mpana ni kufunguliwa mpaka kwenye misuli, na shingoni misuli imelala juu ya mambo ambayo mtu huyahitaji. Alikuwa akijiona na mkono usioinuka, kichwa kimelala upande, anajipikia. Nyumbani alitandika kitanda akakivuruga tena, kwa kuwa kilimkumbusha cha hospitali. Mara moja alishika simu yake akapiga namba ya binti yake. Ikaita mpaka ikakatika, kama ilivyoita kila sikukuu kwa miaka mitatu.

Binti hakuwa na kosa. Mama yake alipougua, kopo lake nalo lilipita mikononi mwa Kabati, na karatasi ya majibu aliiona kwenye trei kabla ya daktari wa wodini kuiona. Aliichukua. Kwa wiki tatu aliwaambia nyumbani kwamba majibu bado, na kila siku alimwomba Daktari akisome kioo upya. Daktari alisoma mara nne, kioo kikasema neno lilelile. Huenda wiki tatu zisingebadili kitu. Lakini siku ya mazishi binti alimsogelea mbele ya watu, akamwambia, "Wiki tatu, baba. Ulikuwa unatuangalia tunacheka," akapanda gari la shangazi yake, na huo ndio ukawa mwisho wa maneno.

Jumanne ya wiki ya pili Kabati aliirudisha droo ya saba mahali pake. Daktari alikuwa ameichanganya, kwa hiyo ilimbidi azipange bahasha upya moja moja. Juu ya kila bahasha huandikwa namba, umri, jinsia na mahali pa uvimbe. Yeye hakujua kusoma vioo, lakini bahasha alizisoma kama mtu wa posta anavyosoma mitaa. Paja, ndani. Tumbo, nyuma ya figo. Paja, ndani. Paja. Kinena. Tumbo. Alikwenda mpaka mwisho wa droo. Shingo ya nyuma, chini ya ngozi, hakuiona hata moja.

Akakaa juu ya stuli. Kisha, bila kujua anatafuta nini, akavuta droo ya juu yake, ya sita, ya seli za sura mbaya.

Mwanamume, hamsini na nne, shingo. Mwanamume, sitini na moja, shingo. Mwanamume, arobaini na tisa, bega. Mwanamume, sitini, mgongo wa juu. Mwanamke mmoja. Mwanamume, hamsini na saba, shingo. Huyo alilingana naye kwa umri na kwa mahali pa uvimbe. Zilikuwa bahasha arobaini na tatu, na wanaume thelathini na tisa. Ulikuwa kama mtaa wa wazee watupu, wote wameketi barazani, na wote walikuwa wamekatwa wakaenda zao.

Aliyasikia maneno ya Daktari ya miaka mingi, yale aliyokuwa akiwafundishia madaktari wanafunzi na yeye anapita na trei: kioo ni nusu ya habari, nusu nyingine ni fomu. Mama wa watu alikuwa akitazama shingo ya mzee na kuambiwa ni paja la msichana. Angesomaje vingine?

Alifikiria kuchukua kalamu na kugeuza fomu. Fomu ingegeuka, lakini kitabu hakifutwi, na Daktari hasahau. Alifikiria kupiga kwa ile simu na kujifanya mume wa mgonjwa. Akajicheka, kicheko kibaya. Na je, akisema, halafu ikawa bado ni ya saba? Hapo angebaki na ugonjwa na ile sauti ya chini, vyote viwili.

Akapiga moyo konde, akaenda.

Daktari alikuwa akimenya chungwa juu ya gazeti. "Amepatikana?" aliuliza, maana siku hizo hapakuwa na habari nyingine.

"Hayupo, mama."

"Amekufa?"

"Hajawahi kuwapo." Kabati alisimama kama mtoto mbele ya mwalimu. "Ni mimi."

Daktari akaweka chungwa chini. Akavaa miwani. "Wewe ndiye mwanamke wa miaka ishirini na tisa."

"Ndiyo, mama."

"Mwenye paja."

"Ni shingo."

"Lile jipu."

"Hakuna jipu."

Daktari akasema, "Geuka," akasimama, akamshusha kola, akabandua plasta. Vidole vyake vilikuwa baridi na vilinukia chungwa. Alibonyeza kandokando ya kovu, akasogeza ngozi huku na huku kuona kama imeshika chini. Alifanya taratibu, na Kabati alikaza macho kwenye kalenda ya ukutani.

"Kilikuwa juu ya misuli au ndani yake?"

"Juu. Walisema kilitoka chenyewe, kama kokwa."

"Kilitoka chenyewe!" Hapo ndipo hasira ilipompanda. "Na mimi nimeandika mguu wa mtu ufunguliwe! Unajua nimelala vipi wiki hii? Miaka ishirini na miwili umekaa humu, ukaona upitishe uongo kwenye mlango wangu? Mficha maradhi..."

"Nalijua, mama."

"Hulijui! Ungelijua usingelifanya." Akaketi kwenye hadubini, akavuta kioo kwenye kisanduku chake, akakitazama kwa muda mrefu, akikisogeza kidogo kidogo. Pumzi yake ikatulia. "Njoo uone."

Kabati akainama. Safari hii hakuona vyumba vitupu. Vyumba vilikuwa vichache, vimesukumwa pembeni, na katikati yake zilipita nyuzi nene za rangi ya waridi kama kamba, na seli nyembamba zimelala sambamba nazo. Hapa na pale palikaa seli kubwa ya kutisha, yenye viini vingi vimejipanga duara.

"Hizo nyuzi ndizo zilizokizamisha. Hizo kubwa ndizo zilizonitisha," alisema Daktari. "Zinafanana na wahuni. Kwenye paja, ndani kabisa, ningezikamata tena leo. Kwenye shingo ya mzee, juu juu, hizo ni kelele tu, hazimfanyi mtu kitu. Wanaume wa umri wako huziotesha kama mvi."

"Kwa hiyo ni droo ya sita?"

Akamtazama kwa mshangao, kisha kama mtu aliyeelewa jambo. "Nani kakwambia ya sita?"

"Wote ni wa shingo. Nimesoma bahasha."

"Hm." Akamega chungwa, akampa nusu. "Nafikiri ni ya sita. Nilikuwa nimeshapeleka kipande hospitali kuu kipakwe rangi maalumu, kabla sijamkata mtu mguu bure. Alhamisi wataleta. Mpaka Alhamisi sijui, na wewe hujui. Nenda kawaambie wenzako. Sitawaambia mimi."

Aliwaambia wakati wa chai, kwa maneno kumi na mawili, akiangalia kikombe. Karani akaziba mdomo. Mfagizi akasema "Uuuwi!" na kuondoka na ufagio wake. Kabati akangoja ile sauti ya chini.

Wembe aliweka kikombe mezani, akainuka, akapiga goti moja. "Shikamoo, dada."

"Mjinga wewe."

"Dada, mbona husemi kwenu una paja zuri namna hiyo? Mimi nimekuhuzunikia mpaka nimeacha kula mchana. Nirudishie chakula changu cha siku tano."

Lakini Kabati alipoinuka kurudi chumba cha nyuma, Wembe alimfuata mpaka mlangoni, akasimama, akakuna kichwa, akarudi. Na zile siku mbili za kungoja zilikuwa ndefu vilevile. Utani ulifika saa kumi jioni ukavua koti ukaenda kwake. Kabati akaenda kwake naye, akafungua mlango, akasimama kidogo kwenye kizingiti kama mtu anayepiga hodi.

Alhamisi karatasi ililetwa na dereva wa hospitali kuu. Daktari aliisoma akiwa amesimama, kisha akatembea haraka kwenye ukumbi, na maabara nzima ikajua kabla hajafungua mdomo. Rangi ilikuwa imeshika pale ilipotakiwa kushika, na pale isipotakiwa haikushika. Uvimbe wa mafuta wa seli nyembamba, usio na madhara. Umekatwa, umekwisha.

"Kaupange," alimwambia Kabati.

"Sasa hivi?"

"Bado. Kuna hili jina." Akafungua kitabu cha mapokezi kwenye meza ya Karani. "Huyu ni nani?"

"Mwanangu."

"Yuko hai?"

"Yuko. Kikazi, mji mwingine."

"Basi mtu aliye hai ameandikwa humu kwamba ana seli za mashaka. Sifuti kitabu kwa neno la baba mtu. Mwenye jina athibitishe kwamba si yeye, Karani aandike saa na tarehe, ndipo tupige mstari. Ni sheria yangu kwa kila mtu." Akaingia chumbani mwake akafunga mlango. Hata kwa mtu aliyemgawia chungwa, sheria ilikuwa sheria.

"Nipe namba, mzee," alisema Karani.

Aliitaja kwa moyo, tarakimu baada ya tarakimu. Hakumwambia kwamba haipokelewi. Karani akapiga kwa simu ya mezani. Ikaita mara ya kwanza, ikaita mara ya pili.

"Haloo?"

Sauti ilisikika mpaka upande wa pili wa meza. Ilikuwa imekua. Kabati akashika ukingo wa meza.

Karani akajitambulisha, akaeleza kwa adabu ya kiofisi: ni maabara, kuna fomu imeandikwa jina lako kwa makosa, tunahitaji uthibitishe hukukatwa uvimbe wowote mwezi huu. Akasikiliza. "Hapana, si wewe. Ni mzee anayefanya kazi hapa. Anasema wewe ni..." Akasikiliza. "Ndiyo. Yeye." Akaandika kitabuni. "Asante, nimeandika. Saa tano na dakika ishirini."

Hakukata. Akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza kilikuwa kibaya?"

"Mwambie hapana. Mafuta tu."

"Anasema hapana, mafuta tu." Akasikiliza. "Anauliza umejua lini."

"Leo. Sasa hivi."

"Leo hii, dada. Hata chai hajanywa." Karani akasikiliza, uso umeinama, kalamu imesimama juu ya karatasi. Kisha akaziba tena. "Nikupe uzungumze naye?"

Kabati alinyoosha mkono. Upande wa pili sauti ilisema kitu kifupi. Karani akatikisa kichwa taratibu, akamwonea haya.

"Anasema bado. Anasema niulize mimi. Anauliza siku ya kukatwa nani alikupeleka."

Wembe alikuwa mlangoni na trei, hakupita. Kabati angeweza kumtaja yeye. Angeweza kutaja jirani, mtu wa kanisani au wa msikitini, rafiki yeyote wa kubuni. Fomu tupu bado zilikuwa kwenye begi. Alimtazama Karani, msichana wa watu, aliyeshika simu kwa mikono miwili kama anayebeba maji.

"Mwambie nilikwenda peke yangu," alisema. "Na kurudi pia."

"Anasema alikwenda peke yake," Karani alisema kwenye simu. "Na kurudi pia."

Upande wa pili hapakusemwa kitu. Wote watatu walisikiliza. Karani aliangalia taa ndogo ya kijani kwenye simu ya mezani, ile inayozimika mtu akikata, na ilikuwa bado inawaka.